Kuki Alipika Mke Wangu, Sifa Nikala Mimi

Wacha nilitoe mara moja kabla sijaanza kujitetea: nilimdanganya mke wangu, nikamdanganya bosi wangu, nikadanganya ofisi nzima, na yote hayo kwa sababu ya kuki. Ndiyo, kuki! Zile ndogo ambazo ukiuma mara mbili zimekwisha. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nilicheka mwanzoni.

Jina langu sitalitaja kwa sababu Machakos si kubwa, na mama mkwe wangu ana simu. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Makosa sijayabadilisha.

Mimi ni mchoraji wa ramani katika ofisi ya wapima ardhi hapa mjini. Wenzangu wakienda Konza au Kola kupima mashamba, mimi nabaki kwenye kona, karibu na dirisha lisilofunguka, nikichora kile walichopima. Kazi si mbaya, lakini ni kazi ya kusahauliwa. Kuna siku walikata keki ya kuzaliwa ya mwenzetu, wakala, wakafuta midomo, ndipo mtu akasema, "Aki, na huyu wa ramani?" Nikapewa kisu nilambe.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Mtu wa ramani.

Mke wangu nitamwita Mama Ndanu. Alikuwa mpishi katika kantini ya kiwanda kimoja kule Athi River. Kantini ikafungwa, akarudi nyumbani. Sasa, mtu aliyezoea kulisha watu wengi hawezi kukaa akitazama ukuta. Akaanza kujaribu vitu. Akajaribu maandazi, akajaribu keki ya ndizi, na siku moja akajaribu kuki za siagi ya njugu na chokoleti.

Jamani! Njugu alikaanga mwenyewe, akazitoa maganda, akazitwanga kwa kinu mpaka zikatoa mafuta na kuwa laini kama uji mzito. Chokoleti aliikatakata kwa kisu vipande visivyolingana, ati ndiyo ukiuma usijue utakutana na kipi. Oveni hatuna. Alitia mchanga kwenye sufuria kubwa, akaipandisha jikoni, akapanga kuki ndani kwenye sahani ya bati, akafunika, na juu ya kifuniko akaweka makaa. Nyumba ilinukia mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna wageni.

Jumatatu asubuhi akanipa kopo limejaa.

"Baba Ndanu, wapelekee watu wa ofisi waonje. Lakini usiniletee maneno ya kunifurahisha. Niletee vile watasema, neno kwa neno."

"Haya," nikasema.

Haya! Neno dogo hivyo, na sikuliweza.

Saa nne, wakati wa chai, nikaweka kopo mezani. Tulikuwa wanne. Madam Ndinda, ambaye ni bosi wetu, mama asiye na muda wa mchezo. Kyalo, mpimaji, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Na Salma wa hesabu. Babu yake Salma alitoka pwani akafungua duka hapa mjini zamani, na kwao wanajua chakula. Salma hali kitu ovyo. Ukimletea mandazi ya jana atakurudishia na pole juu.

Salma akauma moja. Akafunga macho. Nikafikiri ameumwa na jino.

"Subhanallah," akasema. "Nani kapika hizi?"

"Si atakuwa ni huyu wa ramani!" Kyalo akasema, na wote wakacheka, kwa sababu ilikuwa utani.

Lakini Madam Ndinda hakucheka. Alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe alinitazama usoni badala ya kutazama karatasi niliyoshika.

"Kweli? Ni wewe?"

Ndugu yangu, nafasi ya kusema hapana ilikuwepo. Ilikuwa pana, lori lingepita.

"Ni mimi," nikasema.

"Asa!" Kyalo akapiga meza. "Huyu mtu amekuwa hapa miaka yote hii na hatujui!"

Salma akavuta kiti chake karibu na changu. Madam Ndinda akanimiminia chai. Madam Ndinda mwenyewe, kwa mkono wake! Nikaona raha ambayo sijui nikuelezee vipi. Nilirudi kwenye kona yangu nikachora mipaka iliyonyooka kuliko siku zote.

Jioni nilipofika nyumbani, Mama Ndanu alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Hata habari ya kazi hakuuliza.

"Eh? Wanasemaje?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa lenyewe. Lile la ofisini lilikuwa upumbavu. Hili lilikuwa dhambi. Niliwaza hivi: nikisema wamependa, atataka kujua nani amependa zaidi. Atatuma salamu. Atapita ofisini siku moja kuwaona, na nitaumbuka. Ni afadhali asiwe na hamu nao.

"Si mbaya," nikasema.

"Si mbaya?"

"Ee. Wamesema ni sawa tu."

Akachukua kopo, akalifungua, akatazama ndani.

"Lakini wamemaliza."

"Walikuwa na njaa."

Nilisema hivyo! Mdomo huu huu! Na yeye akatikisa kichwa polepole, akaenda kuliosha.

Ungefikiri mambo yangeishia hapo. Humjui mke wangu. Alipoambiwa sawa tu, alitafuta kosa lake liko wapi. Wiki iliyofuata akapunguza sukari. "Pengine zilikuwa tamu sana." Nikapeleka. Ofisi ikashangilia. Nikarudi nikasema ni sawa tu. Akatwanga njugu kwa muda mrefu zaidi, mpaka mikono ikamuuma. Nikapeleka. Kyalo akapiga magoti mbele yangu kama anaomba kuchumbia. Nikarudi nikasema ni sawa tu. Akajaribu kutia chumvi kidogo juu. Ile ya chumvi, Mungu anisamehe, ile ya chumvi ilimfanya Madam Ndinda apige simu kumwambia dada yake!

Nikarudi nyumbani nikasema, "Leo hawakusema kitu."

Hivyo kuki zikazidi kuwa tamu, mimi nikazidi kuwa mtu mkubwa, na mke wangu akazidi kujiona hajui.

Ofisini nilipewa jina la Shefu. Salma alitaka kujifunza, na mimi, ambaye hata yai nilikuwa sijawahi kulivunja bila ganda kuingia, nikawa mwalimu.

"Shefu, unatia mayai mangapi?"

"Inategemea na hali ya hewa."

"Na moto?"

"Moto unausikiliza."

"Mbona zangu zinatawanyika zinakuwa kama chapati?"

"Salma, wewe una haraka. Kuki inajua mtu mwenye haraka."

Alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima! Wakachanga wakaninunulia aproni nyeupe, imeshonwa neno SHEFU kifuani kwa uzi mwekundu. Sikuthubutu kuipeleka nyumbani. Niliikunja nikaificha chini ya ramani za zamani, na wakiuliza kama naivaa nasema, "Kila mara!"

Sasa sikiliza mahali uchungu ulipo.

Jioni moja Mama Ndanu alikuwa akichagua ndengu, mimi nimenyoosha miguu. Akaniambia bila kuinua uso kwamba kuna mama wa kanisani, Mama Mutheu, mwenye duka karibu na soko. Mama huyo alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba kuna nafasi kwenye kabati lake la kioo, pale mbele, aweke kuki zake auze. Sikuwa najua. Alikuwa amenificha anishangaze.

"Nilikuwa nangoja kusikia watu wa ofisi yako," akasema. "Hao wamekula vitu vizuri. Nikasema, wakizipenda hao, nitaenda. Lakini kama kwao ni sawa tu, nani atatoa pesa zake anunue sawa tu? Nimemwambia leo hiyo nafasi ampe mtu mwingine."

Nilifungua mdomo. Nakuapia niliufungua! Maneno yalikuwa hapa kwenye ulimi: Mama Ndanu, wanakufa juu ya kuki zako.

Lakini nikaiona aproni. Nikamwona Salma akivuta kiti. Nikamwona Kyalo akicheka mpaka machozi.

"Pengine mwaka ujao," nikasema.

Mimi. Mume wake.

Tangu siku hiyo aliacha kuoka. Unga wa kuki ukawa chapati. Ofisini nikasema Shefu anapumzisha mkono. Wakanionea huruma, hata Salma akaniletea mafuta ya kuchua!

Halafu Madam Ndinda akatuita. Kuna wazee wa upande wa Konza ambao shamba lao lilikuwa na ugomvi wa mipaka kwa muda mrefu, tukawa tumemaliza ramani yao. Walikuwa wanakuja Ijumaa kuichukua. Bosi alitaka iwe siku ya heshima, chai na kitu cha mezani.

"Na Shefu atatuokea," akasema. "Mkono umepumzika vya kutosha."

Nikaenda nyumbani nikambembeleza mke wangu. Nikamwambia kuna wageni ofisini, si aoke kidogo tu?

Akacheka kicheko kifupi. "Baba Ndanu, siwezi kukubebesha kitu cha sawa tu upelekee wageni. Uaibike? Nunua mandazi."

Alikuwa ananihurumia! Alikuwa ananilinda nisiaibike! Hapo ningelia kama ningekuwa na haya.

Alhamisi asubuhi akamfunga mtoto mgongoni akaenda Kola kumsaidia mama yake kuvuna mbaazi, akasema atarudi jioni. Mimi nikaomba ruhusa ya nusu siku. Madam Ndinda akanipa bila swali, "ukaoke vizuri." Salma akauliza kama anaweza kuja kutazama. Nikamwambia hapana, ni siri ya ukoo.

Nikafika nyumbani, nikakunja mikono ya shati. Nikajiambia, mtu anayeweza kuchora shamba lenye kona nyingi vile atashindwa na biskuti?

Ngoja nikuambie. Njugu nilizikaanga zikawa nyeusi upande mmoja na mbichi upande wa pili. Maganda sikuyatoa, nikasema ni vitamini. Nilipotwanga, nusu ziliruka zikaingia chini ya kochi. Siagi haikutoka, ulitoka unga wenye changarawe. Chokoleti niliiyeyusha ikashika sufuria mpaka leo. Kisha nikakumbuka kwamba Mama Ndanu hutia unga fulani mweupe ili kuki ziumuke. Kabatini nikaona kikopo chenye kitu cheupe. Nikatia kijiko. Nikafikiri wazee ni wengi, nikaongeza kingine.

Ilikuwa magadi! Magadi yale yale ya kulainisha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa!

Mchanga niliuchota pale nje wanapojenga, ukiwa na unyevu. Sufuria ikaanza kutoa mvuke na sauti kama paka aliyekanyagwa. Nilipoinua kifuniko kuchungulia, makaa mawili yakaanguka ndani, na nilipoyatoa kwa kijiko nikamwaga mchanga juu ya kuki. Moshi umejaa. Macho yanawasha. Nina unga mpaka kwenye nyusi.

Ndipo nikasikia sauti nje, pale getini.

"Hodi! Samahani dada, hapa ndipo kwa Shefu?"

Salma! Na aliyemjibu alikuwa mke wangu, amerudi mapema.

"Shefu yupi?"

"Wa ofisi ya wapima ardhi. Mimi ni Salma, niko hesabu pale. Madam amenituma nimletee chokoleti zaidi."

"Aa, Salma! Karibu sana. Mimi ni mke wake."

"Shemeji! Kumbe ndiye wewe! Wallahi umebarikiwa. Una mume anayeoka kuki za namna ile, na umekonda hivyo? Hakupi?"

Nilikuwa nyuma ya dirisha na mchi wa kinu mkononi, nimeganda.

"Kuki zipi?" mke wangu akauliza.

"Za njugu na chokoleti! Za kila Jumatatu! Mashallah, shemeji, mimi huficha mbili kwenye mkoba nimpelekee mamangu, na mamangu hata chakula nilichopika mimi mwanawe hukikosoa. Za mumeo alikula akauliza kama zimebaki. Madam Ndinda naye siku moja alifunga yake kwa kitambaa ampelekee mzee wake. Akaila ndani ya gari kabla hajawasha injini. Nilimwona kwa macho yangu!"

"Na zile za kwanza kabisa? Mlisemaje?"

"Za kwanza? Nilifunga macho, shemeji."

"Na zile zenye sukari kidogo?"

"Hizo! Hizo ndizo nilizosema zingeuzwa! Mpaka..." Salma akasita. "Lakini wewe umejuaje zilikuwa na sukari kidogo?"

Mlango ukafunguka.

Wakasimama pale wote wawili, mke wangu na mtoto mgongoni na mfuko wa mbaazi, Salma na chokoleti. Walinitazama. Wakatazama sufuria. Wakatazama njugu chini ya kochi.

"Shefu," mke wangu akasema. Jina hilo lilitoka mdomoni mwake taratibu, kama anajaribu kiatu cha mtu mwingine. "Nionjeshe."

"Mama Ndanu, hizi hazija..."

"Nionjeshe."

Akachukua moja. Ilikuwa ya manjano na kingo nyeusi, na ilikuwa inanuka sabuni. Akauma. Tulisikia mchanga ukisagika, sote watatu. Akatafuna, akameza, macho yake yakiwa usoni mwangu.

"Si mbaya," akasema. "Ni sawa tu."

Salma ni mtu wa hesabu. Nilimwona akijumlisha. Alinitazama, akamtazama mke wangu, akatazama ile kuki, na jumla ilipotoka akaweka mkono mdomoni. "Astaghfirullah." Ile chokoleti alimpa mke wangu, mimi hakunipa.

"Shemeji, nisamehe. Nimemshukuru mtu asiyestahili wakati wote huu." Kisha kwangu: "Kesho utasema mwenyewe. Usiposema, nitasema mimi. Na moto uusikilize vizuri!"

Akaenda.

Nilitegemea kelele. Nilijiandaa kwa kelele! Mama Ndanu akamlaza mtoto, akamwaga mbaazi kwenye uteo, akaanza kuzibambua. Nikakaa mbele yake. Nikasema yote, tangu ile siku ya kwanza, na nafasi ya lori kupita, na aproni. Hakunikatiza.

Nilipomaliza akasema, "Ungesema umepika wewe, ningecheka. Kweli ningecheka. Ningekupa hata maarifa ya kuwajibu. Lakini ungeniambia wamependa. Jioni tu, mimi na wewe, ungeniambia. Ingekupunguzia nini?"

Nikaokota mbaazi iliyoanguka, nikairudisha kwenye uteo.

"Nilikuwa nakaa hapa mchana," akasema, "natazama hii mikono nasema, kumbe kule kantini walikuwa wanakula tu kwa sababu hakukuwa na kwingine."

Hapo ndipo nilipolia. Yeye hakulia. Aliendelea na mbaazi.

Ijumaa asubuhi nikamwambia nitapitia dukani ninunue mandazi. Akaniambia, "Hapana. Peleka zile zako." Akanifungia mwenyewe kwenye kopo, vizuri sana, na kitambaa juu.

Wazee walifika wamevaa makoti. Ramani ikatandazwa mezani, mkono wa kila mtu ukapita juu yake, watu wakapiga makofi. Madam Ndinda akasimama. Akasema katika ofisi hii tuna vipaji viwili katika mtu mmoja: ndiye aliyechora ramani hii, na ndiye aliyeoka mnachokaribia kula. Akafungua kopo. Niliona pua yake ikishtuka, lakini yeye ni mtu wa heshima, akapitisha.

Mzee wa mbele akauma. Tukasikia ka! Akaitoa mdomoni, akaigeuza mbele ya mwanga.

"Kijana," akasema, "hii ni ya kula, ama ni jiwe la mpaka?"

Kyalo akainama chini ya meza kama ameangusha kalamu. Mabega yanatetemeka. Salma alinitazama tu, mikono ameikunja.

Nikasimama.

"Hizo ni zangu," nikasema. "Ndizo za kwanza na za pekee nilizowahi kuoka. Zile zote mlizokula Jumatatu alioka mke wangu. Niliwadanganya. Yeye naye nilimwambia mmesema ni sawa tu."

Yule mzee akageukia wenzake akawatafsiria kwa Kikamba, pole pole, na kwa Kikamba ikasikika mbaya zaidi. Mzee wa nyuma kabisa akashika kichwa. "Aiya! Mke wake mwenyewe?"

Madam Ndinda hakupandisha sauti. Angepandisha ningeshukuru.

"Niliacha kunywa chai na sukari ili ninywe na kuki hizo," akasema. "Nikamsifu mtu ambaye siye. Keti chini. La, usiketi. Nenda ulete mandazi."

Nikaenda kuleta mandazi.

Nimelipa vipi? Jina la Shefu limekufa. Sasa naitwa Magadi. Mlinzi wa mlangoni ananiita Magadi. Wateja wananiita Bwana Magadi wakidhani ndilo jina la baba yangu. Wale wazee wa Konza walipiga simu juzi kuuliza jambo, wakamwambia Salma, "Tupe yule wa mawe." Aproni Salma aliitoa chini ya zile ramani, akaifumua herufi kwa herufi, akashona upya jina la mke wangu, akampelekea mwenyewe nyumbani. Wakakaa barazani wakinywa chai na kucheka. Nilipotokea wakanyamaza.

Kwa Mama Mutheu nilienda kwa miguu yangu nikamweleza kosa ni langu, arudishe ile nafasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha kabati. Limejaa krispi za viazi za mama mwingine, na huyo mama ana watoto pia. Hiyo nafasi haikurudi. Hilo sitakudanganya kwamba liliisha vizuri.

Lakini Mama Ndanu anaoka tena. Madam Ndinda huagiza, dada yake huagiza, hata msikitini kwa kina Salma wakiwa na shughuli huagiza. Mimi sibebeshwi kopo. Salma huja kuchukua. Saa nne ikifika kuki zinapita mbele yangu, na Kyalo huuliza, "Magadi, tukukatie?" kisha anakula yeye. Nyumbani nina kazi moja tu niliyokabidhiwa: kupepeta maganda ya njugu uani. Nasimama kwenye upepo na uteo, majirani wanapita, wananisalimia kwa kicheko. Nashukuru hata hiyo. Wiki ya kwanza hakuniamini na njugu.

Nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema bado, lakini anaelekea huko.

Basi wewe unayesoma hapa, na najua mko wengi, mnaovaa shati alilopiga pasi mtu na kusema nimejipigia, mnaobeba chakula cha mtu na kurudi na kopo tupu na mdomo umefungwa: acha! Leo! Kama watu wamesifu, beba zile sifa zote uzifikishe kwa mwenyewe, usizipunguze hata moja njiani. Kuna mtu amekaa nyumbani anazingoja, na wewe hujui ameahirisha nini akizingoja.

Na usifikiri ukishaungama mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Jumapili iliyopita mke wangu alivaa gauni jipya la kwenda kanisani, la kijani, akasimama mlangoni. Nikamwambia umependeza. Na alikuwa amependeza kweli, naapa!

Alinitazama kidogo, akatabasamu, kisha akatoka nje kumuuliza jirani.